Siku Sugita Alipopanda Mizani Yangu

Tulipomzika Selemani mwezi uliopita, shambani kwao kupita Naliendele, watani wake hawakumwachia nafasi. Mmoja wao, mtu wa makamo aliyejifunga khanga ya mkewe kiunoni, alirukaruka kando ya kaburi amekunja ngumi, akapiga hewa mara mbili tatu, kisha akajibwaga kwenye udongo mbichi na kulala chali. "Nani kampiga?" wenzake wakamuuliza. "Hajapigwa na mtu," akajibu amefumba macho, "kaangushwa na njaa ya Mjapani!" Watu wakacheka, hata wafiwa wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwachekesha watu pale ambapo kilio kimewachosha. Mimi niliangalia viatu vyangu. Maneno yale ya njaa ya Mjapani nimeyasikia kwa karibu miaka hamsini, kwenye kahawa, kwenye harusi, hata kwenye benchi la hospitali nikisubiri kupimwa presha, na kila mara nimeyaacha yapite. Mzee wa miaka sabini na ushee, meno yenyewe ya kuhesabu, nilikuwa sina tena wa kuniogopesha duniani, na bado niliogopa. Usiku ule sikulala vizuri. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule, nao ni mwaka mmoja tu, hayo mengine ya maisha yangu hayana maajabu.

Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, na ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa bado hawajaondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, karani wa mizani kwenye ghala moja la korosho karibu na njia ya bandarini. Nilipanga chumba Chikongola pamoja na Selemani, ambaye alikuwa kuli bandarini na bondia. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama jiko la jirani kiasi kwamba tulijua wanapika nini kabla watoto wao hawajajua. Nao walitujua sisi. Sele aliporuka kamba uani jioni, mwanamke mmoja alikuwa akimsema kwa sauti ya kutosha kusikika: "Jitu zima linaruka kamba kila siku! Ataoa lini huyo?" Sele alijibu bila kusimama, "Nakungoja wewe uachike, shemeji!" Basi wanacheka mpaka vifuniko vya sufuria vinaanguka. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye mabega ya mtu mkubwa kuliko yeye, na alipigana kwenye uzito mdogo kabisa, ule wa kilo hamsini na moja kushuka chini. Bandarini alibeba magunia yaliyomzidi uzito, na hilo alipenda kuwakumbusha watu.

Sugita alikuja mwaka huo na mafundi wa Kijapani waliofunga mashine za kubangua korosho kwenye kiwanda kipya. Wenzake walikaa Shangani na hawakuonekana sana mitaani. Yeye jioni moja alisimama kwenye uwanja ambapo Sele alikuwa anafanya mazoezi, akatazama, akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akaenda moja kwa moja kumshika Sele kiwiko na kukisukuma mbavuni. "Ndani," akasema. Sele akamtazama mtu huyu mwenye umbo la mtoto wa shule na mvi chache, akanigeukia. "Athumani, huyu naye katoka wapi?" Sugita akakunja ngumi. Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila Sele alipiga ngumi kama kumi na hakuna hata moja iliyomgusa, na mwisho Mjapani alikuwa nyuma yake, amemgusa shingo kwa kidole kimoja. Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni baada ya kazi.

Alikula kwetu. Tuliona haya kumpa ugali wa muhogo, lakini siku tuliponunua ming'oko ya kuchemsha kwa wanawake wa barabarani alikula kimya, akamenya mwingine, akasema kwao mlimani kuna mzizi wa namna hii, mama yake alikuwa akichimba. Kiswahili chake kilikuwa cha kiwandani, cha miezi sita, maneno machache na kila moja limekazwa. Kwa maneno hayo machache alitusimulia maisha yake ya ngumi vipande vipande, kipande kwa kila sahani. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye chumba juu ya duka la samaki, kiasi kwamba mpaka wakati ule harufu ya samaki ilikuwa inamtia mori. Miaka tisa, mapambano thelathini na moja, yote kwenye uzito huo huo wa Sele. "Mkono haukuwa shida," alisema. "Shida mizani." Alikuwa anakaa kwenye maji ya moto mpaka anaona giza. Alitafuna kitu kichachu na kutema mate kwenye kopo siku nzima, kwa sababu hata mate yana uzito. Siku ya pambano ambalo lingempeleka kwenye ubingwa alipanda mizani asubuhi akakuta amezidi kidogo sana, akatuonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribia kugusana. Akarudi kwenye maji ya moto, akapungua, akapita, na ulingoni miguu ikamkataa. Meneja wake aliwaambia watu wa magazeti kwamba kijana alikula kwa siri. Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena kwenye mapambano makubwa, akawa mtu wa kufungua pazia, anapigwa mapema kabla watazamaji hawajajaa, mpaka jicho la kushoto likaanza kufifia akaenda kujifunza ufundi wa mashine. Sele alimuuliza, "Na ulikula?" Sugita akaacha kutafuna. "Sikula," akasema, na akarudia tena, kana kwamba sisi ndio tulioandika magazeti.

Habari zikaja kwamba viongozi wa ngumi kutoka Dar es Salaam watakuja Mtwara mwisho wa msimu wa korosho, na bondia wao, na kijana wetu akimshinda atachukuliwa kambini Dar, apewe na kazi huko. Sele hakutaka kitu kingine duniani. Alikuwa na kilo kama hamsini na sita, na Sugita akapanga namna ya kuzishusha polepole, bila maji ya moto wala kopo. Pweza, mayai, mchicha, ugali kiganja kimoja. Kilichokosekana ni mahali pa kumpimia. Sele akaruka. "Mizani si tunayo? Athumani si ndiye mizani mwenyewe!"

Sasa niseme habari za mizani ile. Ilikuwa ya chuma, ya kusimama, yenye jukwaa chini na jiwe linaloning'inia upande wa pili. Chini ya jiwe lile palikuwa na tundu, na ndani ya tundu mkuu wa ghala alikuwa ameshindilia risasi, ya kuzamishia nyavu, kisha akapaka rangi juu. Aliniita siku yangu ya kwanza kazini akanionyesha, akasema, "Ukiliona hilo, hujaliona." Kwa risasi ile, gunia la kilo themanini lilisoma sabini na saba. Kilo tatu kila gunia, na magunia yalikuja tangu asubuhi mpaka jua linapinda. Ningeweza kusema nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda kalamu sikioni na watu wazima waliosimama foleni wakiniita Ndugu Karani. Wakulima nao walikuwa wanajua kwamba mizani za korosho zinapunja, nchi nzima ya kusini ilikuwa inajua, walinung'unika na kuendelea kusukuma magunia mbele. Jambo lililokuwa halijampitia mtu kichwani, na Sele mtoto wa wakulima akiwemo, ni kwamba mizani inayoiba korosho itaiba na mtu. Kwao ilikuwa inakula korosho, basi.

Hata mimi lilinipitia kichwani pale tu Sele aliposimama jukwaani mara ya kwanza na nguo yake ya ndani. Nikasogeza jiwe, nikasoma, naye akapiga kelele za furaha: hamsini na nne! "Unaona, Mjapani? Nimeanza kupungua kabla sijaanza!" Nikacheka naye. Nikajiambia nitamwambia kesho faragha. Kesho yake mama yake, Bi Somoe, alifika ghalani na punda wa kuazima na magunia manne, mavuno yake yote. Alinisalimia kwa heshima iliyonichoma, mimi niliyekuwa nakula mihogo yake kila akija mjini. "Mwanangu, leo si nimepata bahati, mizani iko kwa mtu wangu." Nikapima magunia yake manne kama nilivyopima ya wengine, maana mkuu wa ghala alikuwa amesimama mlangoni. Baada ya hapo ningemwambiaje Sele? Kumwambia mizani imemwibia kilo mbili ni kumwambia imemwibia mama yake kumi na mbili, na mkono uliosogeza jiwe ni huu. Nilikuwa na njia nyingine za kusema bila kusema. Ningeweza kusingizia unyevu, kutu, chochote. Nimeshazifikiria zote tangu wakati ule, na ninaweza kuzitaja hata nikiamshwa usingizini. Sikuchukua hata moja.

Wiki zikapita, Sele akashuka hamsini na tatu, hamsini na mbili. Alikuwa anafurahi, na Sugita alikuwa hafurahi. Alimshika mashavu na kumbonyeza mapaja, akitikisa kichwa. Jioni moja, wapagazi wameshaondoka na ghala linanuka vumbi na maganda, Sugita alivua viatu vyake, akavipanga pamoja vizuri, akapanda mizani yangu. Nikasogeza jiwe. Hamsini na nne, kasoro. Alisoma mwenyewe, akainama kwa lile jicho lake zima, akasoma tena. "Mimi hamsini na sita," akasema. "Miaka mingi, kila asubuhi, hamsini na sita." Nikamwambia joto la Mtwara limempunguza. Hakucheka. Alishuka akasimama mbele yangu, kimo chake kikinifikia begani. "Athumani. Mizani hii nzuri?"

"Nzuri sana," nikasema. "Mkaguzi wa vipimo ameipiga muhuri."

Akaketi kwenye gunia kuvaa viatu, na alichukua muda mrefu kufunga kamba. Jioni ile ile chumbani alimwambia Sele kwamba mizani ya ghala si kweli, waende hospitali wakaombe kupima, na kama hawataki kwenda basi ashushe kilo mbili zaidi. Sele alikuwa na njaa ya miezi miwili. Midomo ilikuwa imekauka, alikuwa anagombana na kila mtu, hata yule jirani wa utani alikuwa amemtukana kweli. "Mbili zaidi nizitoe wapi? Nikate mguu?" Akasimama akanielekea mimi, na ninaona mpaka leo namna alivyoshika ukingo wa kitanda. "Wewe ndiye mwenye mizani. Mimi nina kilo ngapi, Athumani?"

Sugita alikuwa ameketi chini, anamenya yai, na vidole vyake vilisimama.

"Hamsini na moja," nikasema. "Umefika."

"Basi," Sele akamwambia Mjapani. "Huyu ni ndugu yangu. Wewe baki na mashine zako." Sugita akamaliza kumenya yai lile, akaliweka kwenye sahani ya Sele, akatuaga kwa heshima kama kawaida yake.

Asubuhi ya pambano viongozi kutoka Dar hawakutaka habari za ghala. Walileta mizani ya kuazima hospitali, wakaiweka kwenye baraza la ukumbi mbele ya watu. Sele akapanda akitabasamu. Hamsini na tatu. Akashuka, akavua hata hirizi ya mama yake, akapanda tena. Hamsini na tatu. Wakampa mpaka saa sita. Sitasahau uso aliomgeuzia Sugita, si mimi, akisema, "Umeniloga?"

Tulikimbilia kiwandani kwenye chumba cha tanuri, lililokuwa limewashwa kwa majaribio. Sugita alikataa mlangoni. "Leo hapana," alisema. "Mwaka ujao." Sele akamjibu kwamba mwaka ujao atakuwa kuli, na mwaka wa kesho kutwa kuli, akajivika magunia matatu, akaingia, akaanza kuruka kamba kwenye joto lile. Sugita akaingia nyuma yake, kwa sababu hakuweza kumwacha peke yake. Nilisimama mlangoni. Nilimwona Sugita akiokota kopo tupu la grisi na kulipangusa kwa shati lake, akampa Sele atemee mate. Sele alipopumzika aliniita. Alikuwa ameacha kutoka jasho, ngozi imekuwa kavu na ya kijivu. "Ndugu yangu," akanong'ona, "labda ni yale maji niliyokunywa jana." Bakuli moja la maji. Hata mtoto anajua bakuli halina kilo mbili. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi, tulikuwa watatu tu chumbani. Nikasema, "Labda."

Alipita mizani saa sita kasorobo, uchi, tumemzungushia shuka. Jioni ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Raundi ya kwanza alipigana vizuri ajabu, kiwiko ndani, na yule wa Dar alikuwa anapiga mahali ambapo Sele ameshaondoka. Raundi ya pili akasimama. Alisimama tu katikati ya ulingo, mikono imeshuka, anatazama juu kwenye taa kana kwamba kuna mtu amemwita, na ngumi iliyomwangusha haikuwa hata ya nguvu. Kisogo kilipiga mbao. Sugita aliruka kamba za ulingo kabla mwamuzi hajaanza kuhesabu.

Alilazwa wiki tano. Mafigo yaliumia, na mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, tetemeko ambalo halikuisha, na maneno yakawa yanamjia polepole. Mji ulikuwa umeshatoa hukumu: Mjapani kamnyima kijana chakula, Mjapani alimfanyia majaribio, Wajapani ni wale wale. Wodini Bi Somoe alimvaa Sugita mbele ya wagonjwa wote. "Mwanangu alikuwa anabeba magunia! Umemfanya nini mwanangu? Kwenu watu hawali?" Sugita aliinama, kichwa chini, mikono mapajani, akabaki ameinama kwa muda mrefu. Alipoinuka alinitazama juu ya bega la yule mama. Nikaanza kumpangia Sele machungwa kwenye kabati. Wakubwa wake kiwandani waliona aibu, au waliogopa fujo, wakamrudisha kwao kabla mashine hazijawashwa.

Alikuja ghalani siku moja kabla ya kuondoka. Foleni ilikuwa ndefu, na akasimama nyuma ya wakulima kama mwenye gunia lake, nikimwona anasogea hatua kwa hatua. Nilijua atasema. Watu sitini hivi walikuwa pale, na kila mmoja alikuwa na mavuno yake, wasingebakiza kitu changu. Alipofika mbele yangu alizungumza kwa sauti ya chini. "Meneja wangu alisema nimekula," akasema. "Mimi nilikaa kimya. Nilifikiri, yeye anajua, atasema mwenyewe. Kesho, kesho kutwa." Akangoja. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akauliza kama Mjapani naye ana korosho, watu wakacheka. "Wewe bado kijana," Sugita akaniambia, akatoka kwenye foleni. Nikamwambia yule mwanamke asogeze gunia lake.

Niliacha kazi ile msimu uliofuata, nikawa mwalimu wa watu wazima, nikaoa, nikazeeka kwa heshima. Sele alipata kazi ya ulinzi, akaoa, akapata mtoto mmoja, Shabani. Kila Idi nilimpelekea nyama, na kila Idi mkono wake uliotetemeka ulinimwagia chai ya kunikaribisha. Yeye hakuwahi kumsema Sugita vibaya. Mara moja tu, watu wamekaa wakimlaani Mjapani, alisema taratibu, neno moja moja, "Yeye aliniambia nipunguze mbili. Mimi nilimsikiliza Athumani." Akacheka. Sijui alikuwa anajua au hajui, na sikumuuliza, na sasa yuko chini ya udongo.

Siku ya tatu ya msiba nilirudi shamba. Wanaume walikuwa wameketi mikekani baada ya dua, wazee kwa vijana, karibu wote watoto na wajukuu wa watu waliosimama kwenye foleni yangu. Yule mtani alikuwa anarudia mchezo wake kwa waliochelewa. Nikamvuta Shabani pembeni, nyuma ya nyumba, nikamwambia. Nilimwambia habari za mizani, risasi, magunia ya Bi Somoe, na usiku wa yai. Ana miaka arobaini na kitu, ana mabega ya baba yake. Alisikiliza akiangalia chini.

"Baba alizidi kilo ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Na bibi?"

"Kumi na mbili. Mwaka ule peke yake."

Nikadhani atanipiga, na ningepokea. Akanishika mkono, si kwa ukali, akaniongoza mpaka mikekani, akamwomba mtani akae. "Wazee wangu," akasema, "huyu babu ana maneno juu ya marehemu. Naomba tumsikilize mpaka mwisho." Wakanitazama wote kwa heshima ile ile ya foleni. Nikashika bega la Shabani. Nikaanza kwa kuwatajia jina la Sugita, maana wengi wao hawakuwahi kulisikia.